Tusiyapuuze Magari Yaliyomo Katika Picha Kuukuu

Mnamo mwaka wa 2019, nikiwa bado ninafundisha somo la Historia katika shule moja ya upili, msichana wa kidato cha pili aliniletea picha kuukuu ambayo nusura inikosanishe na ukoo mzima. Nilikuwa nimewaagiza wanafunzi kila mmoja wao atafute nyumbani kitu kinachosimulia habari za jamaa yake: kibuyu, cheti cha ubatizo, kipande cha enzi za ukoloni, chochote kile. Wengi walileta vyombo vya jikoni. Yeye alileta picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, iliyomwonyesha mwanamume aliyevaa kaptura ya kaki, ameegemeza kiwiko kwenye boneti la Land Rover, uso wake umejaa furaha isiyo na kificho. Nyuma ya picha hiyo palikuwa pameandikwa kwa wino wa buluu: "Babu, siku ya Uhuru, 1963."

Kisa chenyewe kilijulikana na kila mtu katika ukoo huo. Babu, walisema, ndiye aliyeendesha gari la serikali lililompeleka mkuu wa wilaya uwanjani usiku ule wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Kisa kilisimuliwa arusini na matangani. Msichana alikisimulia mbele ya darasa kwa fahari, na wenzake wakampigia makofi.

Nikaitazama picha, kisha nikaitazama tena. Taa za mbele za gari lile zilikuwa kwenye madigadi. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Naomba msomaji anivumilie kidogo. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Yale ya mwanzo kabisa yalikuwa na taa zilizofichwa nyuma ya wavu wa rejeta, mithili ya mwanamke anayechungulia barazani kupitia ukaya. Baada ya muda taa zikatokeza nje kupitia matundu yaliyokatwa katika wavu huo. Mwaka wa 1958 likatoka toleo la pili, mbavu zake zimetuna kidogo chini ya madirisha, lakini taa zikasalia pale pale katikati, zimekaribiana. Ni mwishoni mwa miaka ya 1960 tu ambapo taa zilihamishwa hadi kwenye madigadi, huku na huku; na mwaka wa 1971 likaja toleo la tatu lenye wavu wa plastiki badala ya chuma. Yeyote aliyekulia mashambani katika nchi hii ameyaona magari haya maelfu kwa maelfu, ya mkuu wa wilaya, ya daktari wa mifugo, ya polisi, ya misheni, ila ni wachache waliowahi kuyatazama usoni.

Basi nilimwambia yule mtoto mbele ya darasa zima, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuimaliza kesi, kwamba picha ile haikuweza kupigwa mwaka wa 1963, kwa kuwa gari lenye uso wa namna ile lilikuwa halijaundwa popote duniani. Darasa likaangua kicheko. Msichana aliinamisha kichwa, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: "Kwa hivyo, mwalimu, babu alikuwa mwongo?" Nilimjibu kwamba kengele imelia. Haikuwa imelia.

Nimekitanguliza kisa hiki, ambacho nitakirudia, kwa sababu nataka kuwasihi walimu wenzangu na wanafunzi wao wayape magari yaliyomo katika picha za kale uzito unaoyastahiki. Sisemi hivi kwa ajili ya mapenzi ya magari. Mimi mwenyewe sijamiliki ila moja, na lilinitesa. Nasema hivi kwa sababu picha nyingi za jamaa zetu hazina tarehe, hazina majina wala mahali, na aliyeweza kutueleza amekwisha kuzikwa. Nguo hurithiwa na kuvaliwa miaka ishirini. Mti wa mwembe haubadiliki. Ukuta wa udongo wa 1940 na wa 1970 hufanana. Gari, kinyume chake, hubadilishwa na waliolitengeneza karibu kila mwaka, makusudi, ili mnunuzi aone aibu ya kuwa na la mwaka uliopita. Tamaa hiyo ya wafanyabiashara imetuachia sisi wanahistoria kalenda ya chuma.

Chukua mfano wa Volkswagen lile la umbo la kobe. Likiwa na dirisha la nyuma lililogawanywa vipande viwili kwa mhimili katikati, hilo liliundwa kabla ya mwezi wa Machi 1953. Likiwa na dirisha moja dogo lenye umbo la yai, ni la kati ya 1953 na 1957. Baada ya hapo dirisha likapanuka. Ford ya Model T, ambayo iliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na rejeta ya shaba nyeupe iliyong'aa hadi karibu 1917, kisha ikapakwa rangi nyeusi. Hapa kwetu nambari ya usajili nayo husema: herufi ya mwisho inayofuata tarakimu, kama ile ya A katika KAA 001A, ilianza mwaka wa 1989, kwa hivyo picha yenye nambari ya namna hiyo haiwezi kuwa ya wakati wa Mzee Kenyatta, hata shangazi akiapa. Na matatu lililozungushiwa mstari wa manjano ubavuni halitoki nyuma ya kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi wa Februari 1904, la hasha, 2004. Nimeuacha mteleko huo wa kalamu makusudi ili mwanafunzi aone jinsi tarakimu mbili zinavyoweza kumtupa mtu karne nzima.

Kanuni kuu ni rahisi kueleza, ingawa ni ngumu kuishika: picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya zaidi kilichomo ndani yake. Gari la 1950 linaweza kupigwa picha mwaka wa 1980, tena likiwa na abiria kumi na wawili. Gari la 1980 haliwezi kupigwa picha mwaka wa 1950. Kwa hivyo tusikimbilie kusema, "Gari hili ni la 1950, basi picha ni ya 1950." Tuliloweza kulijua ni mlango tu, jinsi wakati ulivyotembea baada ya mlango huo, hilo lahitaji ushahidi mwingine.

Nami nakiri kwamba nimewahi kuaibika. Katika kikao kimoja cha walimu niliinyosha fimbo yangu kwenye picha ya barabara ya mjini na kutangaza kwamba gari lililoegeshwa kando lilikuwa Peugeot 404, au Pijo kama tulivyozoea kuliita, kwa sababu ya mapezi yake ya nyuma na paa lililonyooka. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari, ambaye alikuja kumchukua mkewe tu, alisema kutoka mlangoni, "Mwalimu, Pijo huvaa simba kifuani. Huyo wako simba wake yu wapi?" Lilikuwa Austin Cambridge. Baadaye nilikuja kujua kwamba Austin hilo, pamoja na Morris Oxford, na 404 iliyotolewa mwaka wa 1960, yote yalichorwa na nyumba moja ya Italia, Pininfarina, ndiyo maana yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Kosa langu lilikuwa kutazama mkia na kuuacha uso.

Yapo magari mengine ambayo umbo lake humdanganya hata mtu mwangalifu. Volvo PV544, lile ambalo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishindia mashindano ya Safari mwaka wa 1965, lina mgongo wa mviringo na madigadi yaliyovimba kama ya magari ya Marekani ya miaka ya 1940. Mwanafunzi asiyejua atalirudisha nyuma miaka ishirini. Lakini kioo chake cha mbele ni kipande kimoja kilichopinda. Mtangulizi wake, PV444, alikuwa na vipande viwili. Kioo hicho kimoja kinatuvuta hadi 1958 na kuendelea.

La ajabu kupita yote ambayo nimewahi kuyaona katika picha za nchi hii ni gari lisilo na magurudumu ya nyuma. Mahali pa magurudumu pana mikanda ya mpira inayozunguka, kama ya kifaru cha vita, na kwa mbele magurudumu mawili ya kawaida. Nilipowaonyesha wanafunzi picha ya gari la jinsi hiyo, wote walikubaliana kwamba ni chombo cha jeshi. Sivyo. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane ya Citroën ya muundo huo yaliondoka Colomb-Béchar, nchini Algeria, yakavuka jangwa la Sahara na kupenya Kongo. Msafara ulipofika Kampala mwaka wa 1925 uligawanyika makundi manne, na kundi la Louis Audouin-Dubreuil likapitia Nairobi hadi Mombasa, kabla ya kufika kisiwani Bukini, yaani Madagaska. Kila gari lilikuwa limechorwa alama yake ubavuni. La kiongozi, Georges-Marie Haardt, lilikuwa na mdudu wa dhahabu. La Audouin-Dubreuil lilikuwa na hilali ya fedha. Ukiiona hilali hiyo katika picha iliyopigwa Kenya, umepata mwaka, umepata njia, umepata na jina la aliyeongoza. Ni picha chache mno zinazotoa ushahidi mwingi kiasi hicho kwa alama moja.

Hata hivyo, mambo hayo yote yamo vitabuni na mtu mwenye subira atayapata. Yanayoniuma roho ni yale magari yasiyomo katika kitabu chochote. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia watu wengi huku waliagiza injini na chesisi tu kutoka ng'ambo. Bodi ikajengwa hapa hapa kwa mbao na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika, mithili ya sanduku kubwa, ili gari lisafirishe watu, mahema na magunia kwa pamoja. Ndiyo maana walowezi waliyaita boksi. Hapana mawili yaliyofanana. Kadhalika, matatu za kwanza kwanza, zile zilizopata uhuru wa kubeba abiria bila leseni ya usafiri kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka wa 1973, nyingi zilikuwa magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi na kufunikwa kwa mabati au turubai na fundi wa mtaani. Na gari la Nyayo Pioneer, ambalo Rais Moi aliwaagiza wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunde mwaka wa 1986, hata likaonyeshwa Kasarani mwaka wa 1990, lilitengenezwa la majaribio tu, matano, halikufika kiwandani. Mjukuu atakayeiokota picha yake miaka hamsini ijayo atalitafuta katika orodha za Japani na Ulaya hadi achoke.

Magari hayo hayatambuliki kwa orodha. Hutambulika kwa mtu. Na hapa ndipo picha zetu zimedhulumiwa. Nimeona mara nyingi, katika vitabu na katika makusanyo ya picha za enzi ya ukoloni, maelezo yanayotaja aina ya gari, jina la mwenye gari, na pengine jina la mbwa aliyeketi juu ya boneti. Yule mtu mweusi aliyeshika chuma cha kuwashia injini huitwa "dereva", au haitwi chochote. Gari lina jina, yeye hana. Tukiwafundisha wanafunzi kulitambua gari kisha tukakomea hapo, tutakuwa tumeiendeleza dhuluma hiyo kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa chaki ya serikali.

Najua kuna watakaouliza haja ya jasho lote hili ilhali siku hizi mwanafunzi anaweza kuielekeza simu yake kwenye picha na akili unde ikamjibu mara moja kwamba gari ni la aina gani. Nimeijaribu. Kwa magari ya kawaida hujibu vyema. Kwa gari lililojengwa na fundi wa mtaani, iliniambia kwa yakini kuu kwamba ni modeli fulani ya mwaka fulani, kisha nilipogeuza picha kidogo ikaniambia kwa yakini ile ile kwamba ni nyingine. Isitoshe, siku hizi picha za zamani hutiwa rangi na mashine, na rangi hiyo ni ya kubuniwa. Nambari za usajili zilizofifia "husafishwa" zikawa herufi ambazo hazikuwahi kuwapo. Mwanafunzi asiyejua kutazama mwenyewe atakuwa mfungwa wa yeyote atakayemtazamia.

Turudi kwa msichana wetu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwomba aniachie picha kwa wiki moja, na kwa kutaka kujihakikishia kwamba nilikuwa sahihi nikaichunguza kwa lenzi ya kukuzia chini ya taa. Niliona kitu ambacho darasani, katika haraka yangu ya kushinda, sikukiona. Taa zilikuwa kwenye madigadi, naam. Lakini katikati, huku na huku ya wavu wa rejeta, palikuwa na viraka viwili vya mviringo, vimepigiliwa ribiti pembeni. Gari lile lilikuwa na macho manne, mawili yamepofushwa! Tena madigadi yenyewe yaling'aa kwa rangi isiyolingana na ya milango. Hapakuwa na Land Rover la namna hiyo katika toleo la pili, wala la tatu, wala katika orodha yoyote.

Jumamosi iliyofuata nilifuatana na msichana hadi kwa nyanya yake. Bibi huyo alinikaribisha kwa chai, akaniuliza habari za mama yangu kana kwamba anamjua, kisha akaishika picha mbali na macho yake jinsi wazee wafanyavyo. Nilipomwonyesha vile viraka alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Hayo matundu ya taa za zamani aliyaziba yeye mwenyewe, mwalimu," alisema. "Gari lilikuwa la chama cha ushirika. Lilianguka mtoni, uso wote ukapondeka. Wakasema litupwe. Yeye akasema hapana. Akaenda akapata madigadi ya gari jipya lililogongwa kwa nyuma, akayafunga. Miezi mitatu alilala karakana. Siku lilipowaka akamwita mpiga picha kutoka sokoni. Kitinda mimba wangu alikuwa na wiki mbili, huo ni mwaka wa sabini na mbili."

Msichana akamwuliza kuhusu usiku wa Uhuru.

"Usiku wa Uhuru babu yako alikuwa kitandani pale na homa," alijibu, akiuonyesha mlango wa chumba. "Tuliusikia kwa redio ya jirani. Hakuwahi kuendesha gari la mkuu wa wilaya. Alikuwa fundi." Yale maandishi, akaongeza, yaliandikwa na ami yake msichana baada ya matanga, kwa sababu jirani zao walikuwa na picha ya Uhuru ukutani na wao hawakuwa nayo.

Kwa hivyo, jibu la lile swali la darasani lilikuwa hapana. Babu hakusema uongo wowote. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mimi nilikuwa nimeikosoa tarehe kwa haki, lakini nikaiacha picha ikiwa tupu, na ningaliridhika hapo maisha yangu yote laiti mtoto hangaliuliza. Jumatatu nilisimama mbele ya lile darasa nikawaomba msamaha, yeye kwanza, kisha wao, nikampa chaki ili awaeleze mwenyewe jinsi gari la macho manne lilivyozaliwa. Alichora ubaoni. Alichora vizuri, na safari hii makofi yalikuwa marefu zaidi.

Ninawaomba walimu wajaribu zoezi hili wakati picha hizi bado zipo na wanaozijua bado wana sauti. Mwanafunzi na aipige picha nakala bila kuikata pembeni, maana mara nyingi pembeni ndiko iliko nambari ya usajili au kibao cha duka. Aandike anachokiona kabla ya kuandika anachokidhani. Alitafute gari. Kisha achukue hayo yote ampelekee mzee, asimpe jibu, amwulize swali. Na jina atakalopewa aliandike nyuma ya picha kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino huchimba na kutokeza upande wa pili.

Ami yake msichana hakufurahishwa na utafiti wetu. Alinipigia simu akaniambia kwamba nimewapokonya dereva wa Uhuru nikawapa fundi mwenye mikono ya grisi, na kwamba maandishi ya 1963 hayatafutwa maadamu yeye yu hai. Hayakufutwa. Mara ya mwisho nilipoiona picha hiyo wino wa buluu ulikuwa pale pale, na chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto wa shule, palikuwa pameongezwa: "Gari hili lilijengwa upya na babu, 1972. Nyanya ndiye aliyesema."